Unga Uliokwisha Kuliwa

Bwenini, Lindi
29 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, wewe pamoja na mdogo wangu Siti ambaye bado sijamwona. Siku ile Baba alipopiga simu ya Matroni Veronika kunijulisha kwamba umejifungua salama, nilishindwa kutoa sauti. Matroni akadhani nimepewa habari ya msiba, akaninyang'anya simu amuulize Baba mwenyewe. Nikamsikia Baba akisema, "Hapana mwalimu, ni mtoto tu."

Jana yalikuwa mahafali ya kidato cha nne. Sisi wa kidato cha tatu tuliofanya vizuri tuliitwa mbele pia. Mimi niliitwa kwa somo la Biolojia. Mfanyabiashara mmoja aliyealikwa alileta maboksi ya unga wa lishe, na kila aliyeitwa akapewa pakiti kadhaa badala ya madaftari. Wenzangu walinung'unika kidogo. Mimi nilifurahi, kwa sababu nilijua papo hapo unga wangu unakwenda wapi.

Nimeupanga ndani ya ndoo yangu ya mfuniko wa bluu na kumkabidhi dereva Pazi, maana lori lake la Fuso linakuja Likawage kubeba korosho. Nimesoma maelezo yote ya pakiti. Una mahindi, soya, karanga, ulezi na mchele. Ni wako wewe uliye kwenye arobaini, si wa wageni. Siti asipewe. Yeye anyonye tu mpaka atimize miezi sita, ndivyo tulivyofundishwa. Ukinywa wewe uji, maziwa yatakuwa mengi, na kila kilicho chema ndani ya unga huu kitamfikia kupitia kwako.

Pakiti moja nimejibakizia. Ndoo naomba irudi, Matroni huikagua.

Mwambie Bibi Batuli shikamoo.

Mwanao,
Nasma Suleiman


Likawage
6 Oktoba 2024

Mwanangu Nasma,

Marahaba. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi. Mzigo wako umefika. Pazi aliingia nao mpaka barazani akatangaza, "Mzigo wa daktari huu." Bibi yako alikuwa ananikanda kwa maji ya moto, akamjibu kutoka ndani, "Daktari yupi? Huyo niliyekuwa namfuta kamasi?" Pazi akasema, "Huyo huyo, Bibi, na usipoangalia atakuja kukuchoma sindano." Nimecheka mpaka nyonga zikauma, nikamwomba Bibi amfukuze.

Uji wake ni mtamu, mwanangu. Mzito, wa rangi ya kahawia, hauhitaji hata sukari nyingi. Nakunywa asubuhi na jioni, na maziwa yamekuja mpaka nguo zinalowa.

Uliniandikia unga si wa wageni. Nasma, umekaa sana na watu wa bwenini. Tangu nijifungue mlango huu haujapumzika. Linakuja bakuli la uji wa pilipili manga, inakuja sufuria ya mchuzi, inakuja hotipoti ya wali. Mke wa Mzee Sadick pekee amenilisha kuliko mama yangu mzazi. Sasa vyombo vya watu nivirudishe vitupu, kama niliyezaliwa porini? Nilikuwa nawaza nitatia nini ndani, mihogo haijakomaa na mchele umepungua. Ndipo ukaja unga wako. Nimepakua kidogo kidogo katika kila chombo, na kila anayebeba namwambia, "Mpe mama, hii ni zawadi ya shule ya Nasma." Jina lako limeingia kila jiko hapa. Hata Muuguzi Joyce wa zahanati alipokuja kumtazama mtoto nilimpa kikombe, akaomba cha pili.

Baba yako amezichukua pakiti tupu. Anasema nailoni ile ni ngumu, haipatikani hapa. Amezitoboa chini, akajaza udongo na kupanda mbegu za mikorosho. Mvua zikija atahamishia shambani.

Siti anafanana na wewe, hasa akikasirika. Siku za kwanza macho yake yalikuwa ya manjano kidogo, Bibi akasema tumwoteshe jua la asubuhi. Usiwe na wasiwasi. Soma.

Ndoo nitairudisha Pazi akipata safari nyingine.

Mama yako,
Mastura


Lindi
8 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka, tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kufanya lolote.

Jana bwaloni tulisikiliza taarifa ya habari. Mamlaka imeagiza unga wa lishe wa kiwanda kile kile uondolewe madukani, na aliye nao nyumbani asiule. Umekutwa na sumukuvu kupita kiwango. Sumukuvu ni sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Haionekani, haina ladha, haina harufu. Kuchemsha hakuiondoi.

Lakini si unga wote. Ni toleo moja tu, lenye namba K307. Namba hiyo imegongwa juu kabisa ya pakiti, kwenye ukingo, karibu na tarehe ya kuisha muda. Wenzangu waliopewa kutoka boksi lile lile, wengine wana namba hiyo na wengine wana namba tofauti. Kwa hiyo za kwako huenda ni nzuri kabisa.

Ya kwangu ina K307. Usiogope, sikuwa nimeifungua. Mwalimu wa zamu amezikusanya zote zikachukuliwe.

Naomba mwache kunywa uji huo, mtazame namba, halafu mnijulishe. Matroni amejaribu simu ya Baba mara nyingi, haipatikani. Nilimweleza kwamba mpaka Baba apande kilimani ndipo apate mtandao. Pazi amesema ataondoka kesho.

Mwanao,
Nasma


Lindi
12 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe sita nimeipata jana, baada ya kumkabidhi Pazi yangu ya pili. Nimeisoma nimekaa juu ya kitanda, na nilipofika mahali pa vyombo sikuweza kuendelea. Rafiki yangu Halima alinisomea sehemu iliyobaki.

Mama, ni vyombo vingapi? Ni nyumba zipi? Kuna mwenye mtoto mdogo katika hao? Naomba Baba awapitie wote awaambie waache. Na mikorosho aing'oe kwenye zile pakiti, atazame ukingo wa juu.

Nimemuuliza mwalimu wetu wa Biolojia kila kitu ili nisikuandikie la kubahatisha. Nimeyaandika kama alivyonieleza. Sumukuvu hushambulia ini. Kwa aliyekula nyingi dalili huja upesi, yaani kutapika, tumbo kuuma na macho kuwa ya manjano. Kwa aliyekula kidogo huenda asione kitu, lakini anayeila kwa miaka mingi ini linaweza kuharibika. Kwa watoto huzuia kukua. Nilimuuliza pia kuhusu wanaonyonya, akasema sehemu ya sumu hiyo inaweza kupita kwenye maziwa ya mama.

Uliandika kwamba macho ya Siti yalikuwa ya manjano. Yalikuwa hivyo kabla hujaanza kunywa uji au baada? Sasa yakoje? Mtazameni juani, siyo ndani ya nyumba ambako kuna giza.

Mimi ndiye niliyetuma. Nilisoma pakiti nzima, Mama, kila neno lililoandikwa. Hili halikuandikwa.

Nakuombea.

Nasma


Likawage
17 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Nasma,

Salaam. Baada ya salaam, mimi ni mzima. Naandika mimi kwa kuwa mama yako hataki kuandika.

Barua zako mbili Pazi alizileta pamoja, maana Fuso lilimharibikia huko Lindi, hakuondoka siku aliyokuambia. Nimefanya kama ulivyosema. Mikorosho nimeing'oa. Mama yako hufungua pakiti kwa mkasi, anakata ukingo wote wa juu ili unga usimwagike, na vile vipande vilichomwa na takataka. Pakiti moja tu ilikuwa na ukingo, na pale penye namba pamefutika kwa udongo na maji. Bibi yako anaona saba, mimi sioni kitu. Miche nimeirudishia, sijui kama itashika.

Nyumba nimezipitia. Wengi walikuwa wamekwisha kunywa. Mzee Sadick aliniuliza, "Suleiman, bakuli langu mlinirudishia na sumu?" Nikamwambia sijui, huenda ndiyo, huenda siyo. Akasema, "Sasa kama hujui, umekuja kufanya nini?" Nikaenda nyumba inayofuata. Wengine walicheka, wakasema wameshakula mengi mabaya kuliko hilo na bado wanalima. Mama Amiri alilia, maana alimpa mjukuu wake.

Tangu siku hiyo hakuna chombo kilichoingia hapa. Bibi yako anapika peke yake.

Mtoto hanyonyi. Mama yako amemwachisha tangu barua ilipofika, kama ulivyoagiza. Anajikamua na kumwaga nyuma ya nyumba. Siti tunampa maji ya mchele, na maziwa ya ng'ombe ninayoyafuata kwa wafugaji. Analia sana. Kila asubuhi mama yako anamtoa juani anamfungua macho kwa vidole. Mimi sioni manjano, yeye anasema anaona.

Usome kwa bidii.

Baba yako,
Suleiman Mkumba


Lindi
20 Oktoba 2024

Kwa Muuguzi Joyce,
Zahanati ya Likawage

Shikamoo dada. Mimi ni Nasma, binti wa Mastura mke wa Suleiman, yule aliyejifungua mwezi uliopita. Mama aliniandikia kwamba ulikuja nyumbani. Sina mtu mwingine huko wa kumwandikia jambo hili.

Nilipata zawadi ya unga, nikamtumia Mama. Baadaye tukasikia unga wa toleo fulani umeondolewa sokoni kwa sababu ya sumukuvu. Nilimwandikia Mama yote niliyoyajua. Niliandika kwamba sehemu ya sumu inaweza kupita kwenye maziwa. Sikuandika kwamba aache kunyonyesha. Sikuandika, dada, nimejaribu kukumbuka kila sentensi. Lakini sikuandika pia kwamba aendelee. Sasa Baba anasema mtoto amekwisha kuachishwa na anapewa maji ya mchele na maziwa ya ng'ombe. Siti hajafikisha hata miezi miwili. Katika kitabu chetu kuna picha ya mtoto wa namna hiyo na sitaki kuifungua tena.

Nakuomba uende nyumbani leo hii utakapopata barua. Mwambie Mama lililo sawa, lolote lile. Mimi nikimwandikia naogopa ataelewa vingine tena. Matroni amempigia Baba mchana kutwa, haipatikani. Namba yako hatuna. Pazi ameapa atakupa hii mkononi kabla hajapakia gunia hata moja.

Kuna jambo jingine, tafadhali lisimfikie Mama. Nilimwambia pakiti yangu sikuifungua. Niliifungua siku ile ile ya mahafali. Tuliulamba mkavu na sukari, mimi na Halima, mpaka tukaumaliza, ndiyo sababu mwalimu wa zamu alipokuja kukusanya nilimpa ganda tu. Ndilo lenye K307. Tangu hapo tumbo linaniuma, lakini Halima anasema linaniuma kila nikilifikiria. Yeye halimuumi, au hasemi. Kila asubuhi tunatazamana macho kwenye kioo chake. Kuna kipimo? Kuna dawa ya kunywa? Mwalimu alisema hajui, akaniambia niulize mtu wa afya.

Wako mtiifu,
Nasma Suleiman


Zahanati, Likawage
28 Oktoba 2024

Mdogo wangu Nasma,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nikiwa na foleni ya kliniki. Niliisoma nimesimama, nikamwachia mhudumu foleni, nikaenda.

Sitakuficha, kwa sababu naona huwezi kuvumilia kufichwa. Siti nilimkuta anaharisha, macho yameingia ndani, hana hata nguvu ya kulia. Manjano hakuwa nayo. Ile ya siku za mwanzo ni ya kawaida kwa watoto wengi wachanga na ilikwisha kabla ya unga wako kufika. Kilichomuumiza ni chupa, yale maji na yale maziwa. Nilianza kumpa ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kuharisha, kwa kijiko pale pale, kisha nikasema ni lazima afike hospitali ya wilaya. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Njinjo. Pazi akashusha korosho za watu barabarani, akawapakia mama yako, bibi yako na mtoto, akaondoka. Wenye korosho walimtukana, akawaambia walinde magunia yao wenyewe.

Walilazwa, wakapata nafuu, wamerudi juzi. Bado ni mdogo sana. Kwenye kadi yake uzito uko chini ya mstari na sijui utapanda lini.

Nilimwambia mama yako amrudishe mtoto titini. Alinitazama akaniuliza, "Na sumu?" Nikamwambia anyonyeshe. Akaniuliza tena, "Joyce, unaapa?" Nikamwambia siwezi kuapa, lakini ningekuwa mimi ningenyonyesha. Akafungua kanga. Maziwa yamepungua sana. Mtoto anavuta, anachoka, analala. Tunamweka tena. Ndiyo kazi yetu kwa sasa.

Ulichoandika kilikuwa kweli, usijilaumu kwa kukisema. Ila mama yako alikuwa na swali moja tu, aendelee au aache, na karatasi haikuweza kumjibu. Akajibu mwenyewe, kwa woga.

Kuhusu tumbo lako na la Halima. Dawa ya kuitoa sumukuvu mwilini hakuna. Kipimo cha kuniambia mimi au wewe tumekula kiasi gani, hapa hakipo, na hata kingekuwepo sijui tungefanya nini na jibu. Mkitapika, mkiona mkojo mweusi au macho ya manjano, nendeni hospitali mara moja. Msipoona, kuleni vizuri, epukeni karanga na mahindi yenye ukungu, na muendelee na masomo. Najua si jibu ulilotaka. Wanaokuja kuniuliza hapa kijijini nawaambia hayo hayo, nao wananitazama kama utakavyoitazama barua hii.

Hata mimi nilikunywa, vikombe viwili. Nami hujitazama kwenye kioo.

Siri yako sijaitoa.

Joyce


Likawage
9 Novemba 2024

Mwanangu Nasma,

Hujambo? Nimechelewa kukuandikia. Mikono ilikuwa na mtoto, na moyo ulikuwa haujui uanze wapi.

Nilikasirika, sitakudanganya. Si kwa sababu ulituma unga. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa mbali. Ungekuwa hapa ningekuuliza, ungenijibu, tungepigana maneno kidogo, yangekwisha. Barua nilikuwa naisoma, naiweka chini, naichukua, inasema yale yale. Baba yako ananiambia niisome polepole. Nikamwambia naisoma polepole, ndiyo inazidi kunitisha.

Siti ananyonya. Maziwa yanarudi kwa uvivu, kama mtu aliyeudhika. Joyce anampima kila wiki. Wiki iliyopita uzito haukupanda wala haukushuka. Bibi yako akasema, "Amekaa anafikiria." Wiki hii amepanda kidogo, mshale wa mizani ulitikisika na sote tukaukodolea macho. Bado yuko chini ya mstari. Sijui kama ule udogo ni wa kuharisha, au ni wa unga, au ndivyo Mungu alivyomwumba. Hakuna anayejua. Nimeacha kuuliza, maana nikimwuliza Joyce naye anakuwa kama anataka kulia.

Mjukuu wa Mama Amiri anacheza. Mzee Sadick alipatwa na tumbo, akazunguka kijiji kizima kusema ni ule unga, kisha mkewe akatoboa kwamba alikula embe bichi na chumvi tangu asubuhi. Watu wamecheka. Wengine hawajacheka.

Siku ya kutoka arobaini nilikaa ndani nikingojea. Unajua siku hiyo watu hujaa. Waliokuja ni wachache. Jua lilipopanda nikasikia hodi, ni mke wa Mzee Sadick, ana bakuli lake lile lile la maua mekundu, limejaa uji. Aliliweka mbele yangu, akakaa kitako, akanitazama mpaka nikanywa lote. Ndipo akasema, "Haya, nipe chombo changu."

Nasma, sikuwa na cha kutia. Niliogopa kila kitu kilichomo humu ndani. Nilitazama unga, nikauogopa. Nikatazama mahindi, nikayaogopa, maana ukungu hauanzii kiwandani, unaanzia kwenye magunia kama haya yetu. Nikachukua karanga za msimu huu, nikazimwaga kwenye ungo, nikaanza kuchambua mbele yake. Iliyosinyaa nikaiweka pembeni. Yenye doa nikaiweka pembeni. Akavuta ungo akanisaidia. Tulikaa mpaka adhuhuri kwa ajili ya bakuli moja. Akaondoka nalo limejaa, na zile mbaya tukazichoma.

Ndoo yako inakuja na Pazi. Nimeijaza karanga. Nimezichambua mwenyewe moja moja, na kila ninapoipita ndoo nafungua nachambua tena. Zaidi ya hapo sijui la kufanya.

Na pakiti yako uliifungua. Hakuna aliyeniambia. Nimekuzaa mimi, tangu mdogo hujawahi kukiacha kilichofungwa kikapoa. Nilipoisoma ile barua uliyosema hukuifungua nilijua, na usiku kucha nilikuwa na watoto wawili wa kuwaogopea, siyo mmoja.

Unaumwa? Nijibu kweli.

Mama yako,
Mastura


Lindi
16 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakujibu kweli. Niliifungua, na tuliumaliza wote mimi na Halima. Tumbo haliniumi tena, ila siku za mtihani, na hata mwaka jana liliniuma siku za mtihani. Macho yangu ni meupe. Ya Halima yana wekundu kwa sababu ya kusoma. Zaidi ya hapo sijui, na yule mwalimu wa zamu aliyekusanya pakiti alisema tutaletewa majibu. Tulimuuliza tena juzi. Alisema gari lilikuja likazichukua, na majibu yakija tutaambiwa. Sioni kama anaamini yatakuja.

Ndoo imefika. Matroni aliifungua kuikagua, akachukua karanga moja akaipasua kwa kucha, akaitazama kwenye mwanga, akaila. Akasema, "Huyu mama yako hana mchezo."

Nilikaa nayo kitandani, nikamwaga karanga zote juu ya shuka na kuzichambua upya kama tulivyofundishwa, nikitafuta iliyosinyaa, yenye doa, yenye unga unga wa kijani. Halima naye akachambua upande wake. Hatukuona hata moja ya kutupa. Mwalimu alisema sumukuvu inaweza kuwepo hata pasipoonekana ukungu, na nililijua hilo wakati nazitazama. Kisha nikazila. Sikuweza kuziacha, Mama, nilikuwa naziona alama za vidole vyako ingawa hazikuwepo.

Tunafunga shule mwezi ujao. Ndoo siwezi kuirudisha tupu. Nimefikiria sana nitatia nini, kwa ajili yako, kwa ajili ya mke wa Mzee Sadick, Mama Amiri, dada Joyce na kila aliyebeba unga wangu. Sitaki kitu cha pakiti, na sitaki kitu cha gunia. Jumamosi tulipopelekwa kutembea tulipita kwenye mashamba ya chumvi ya hapa Lindi. Wanawake walikuwa wanaikokota kwa majembe ya mbao, wanaitandaza juani, nyeupe mpaka macho yanauma. Nilimuuliza mmoja kama chumvi huota ukungu. Alinicheka, akamwita mwenzake, "Njoo umsikie huyu mwanafunzi." Kisha akanionyesha ya miaka mingi iliyopita, imekuwa jiwe, haijatiwa madini joto wala kitu kingine, bado ni chumvi.

Nitaleta hiyo. Nitaigawa mwenyewe, nyumba kwa nyumba, katika vyombo vyao wenyewe.

Mwalimu wa Biolojia ana maneno yake kuhusu chumvi ile ya mawe. Siyaandiki hapa. Nitakueleza nikiwa nimekaa karibu yako, uniulize, nikujibu, uniulize tena. Siti nitampakata mimi wakati huo, nimsikie ana uzito gani.

Mwanao,
Nasma